Nyumba Yenye Mpiga Kura Mmoja

Jumamosi hiyo gereji ya Eliudi haikuwa na nafasi hata ya baiskeli. Magari yalikuwa yamefukuzwa barabarani, na mle ndani kulikuwa na meza za kukunja, vibao vya kampeni vyenye jina la mkewe, katoni za maji, sufuria la sambusa, na vijana waliokuwa wakicheka kama watu walioshaonja ushindi. Honorata, muuguzi wa nyumba ya wazee, mzaliwa wa Bukoba na mkazi wa Bowie, Maryland, kule Marekani, alikuwa anagombea kiti cha baraza la kaunti. Hakuna Mtanzania wa upande ule aliyewahi kuthubutu. Eliudi, fundi wa viyoyozi ambaye kwa kawaida hachangamki mpaka apate chai ya pili, siku hizi alikuwa anaamka anapiga mluzi.

Uchaguzi uliokuwa unakuja ulikuwa wa Juni, ule wa chama wa kumpata mgombea wake. Lakini kila mtu alijua kwamba katika wilaya ile chama chenye nguvu ni kimoja, na anayeshinda Juni ndiye mjumbe. Novemba ni kuvaa suti na kupiga picha. Wagombea wa Juni walikuwa wengi, kura zingegawanyika vipande vipande, na mtu mwenye watu wake angeweza kupenya. Na watu, Eliudi alikuwa nao. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Watanzania wa Maryland na wa ng'ambo ya mto, Virginia, na kwa wiki kadhaa alikuwa akijipiga kifua kwamba jumuiya peke yake inatosha kumwingiza mke wake barazani.

Aliyekuwa akigawa mitaa ya kwenda kubisha hodi ni Jerotich, binti wa Eldoret anayesoma chuo kikuu pale College Park. Alikuwa na programu kwenye simu iliyoonyesha nyumba za kuingia, kila nyumba na kidoti chake, na ukigusa kidoti yanatokea majina ya watu wa kuwaomba kura. Akamwekea Eliudi na yeye kwenye simu yake, akampa mtaa anaoishi, maana hapo hangepotea.

Eliudi akaanza na nyumba yake mwenyewe, kama mtu anavyojitafuta kwanza kwenye picha ya harusi. Kidoti kilikuwepo. Alipokigusa likatokea jina moja tu, la Honorata.

"Kitu chako hiki kibovu," alimwambia Jerotich. "Mimi simo."

Jerotich akainama kuangalia, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka alipouona uso wa mzee. "Haijakosea, Uncle. Inaonyesha wale wanaweza ku-vote-ia Auntie June. Wewe uko unaffiliated."

"Ndiyo. Sina chama, na ninajivunia."

"Sasa si ndiyo hiyo. Hii ni primary, na Maryland primary ni ya wenye chama. Ukienda bila chama watakupatia karatasi ya school board pekee. Jina la Auntie hautaliona."

Eliudi alitaka kubisha, lakini kidole chake kilikuwa kimeshaanza kutembea chenyewe juu ya ramani. Nyumba ya Lusekelo, jirani wa pale kona, aliyepanda kibao kikubwa kuliko vyote, haikuwa na kidoti. Ya Dorothea, mweka hazina wa jumuiya, haikuwa nacho. Ya Kalisti, katibu, haikuwa nacho. Nyumba zote za watu wake zilikuwa zimerukwa, na kila nyumba iliyorukwa ilikuwa ni ile aliyowahi kuingia na suti yake ya kijivu.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mwanajumuiya akila kiapo cha uraia, Eliudi anakuwepo, na suti, na bendera ndogo ya kupunga, na kabla picha hazijaisha anamkalisha raia mpya kwenye gari na kumwandikisha kupiga kura. Ikifika sehemu ya chama anaweka kidole palepale na kusema, hapa tunaandika hatuna chama, sisi ni jumuiya. Halafu wanakwenda kula pilau. Jumuiya ilishawahi kunusurika kuvunjika kwa ugomvi wa vyama vya nyumbani, watu wakarushiana viti kwenye ukumbi wa kukodi, na aliyeiokoa ni yeye, kwa katiba aliyoiandika kwa mkono wake. Tangu hapo kutokuwa na chama kwake kulikuwa sawa na kuoga kabla ya kwenda kanisani.

Wala haikumjia akilini kwamba kungemfungia mtu mlango. Kura za maoni alizozijua yeye za nyumbani zilipigwa kwenye ukumbi wa chama, na kadi za chama, chini ya macho ya katibu wa chama. Hizi za hapa zilipigwa kwenye shule ya umma, zikasimamiwa na watu wa kaunti, kwa mashine zilizolipiwa na kodi yake. Ingewezekanaje jambo la serikali namna hiyo likamkataa raia? Ndivyo alivyojiambia, na ndivyo alivyowaambia wote.

"Inabadilishwa?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Inabadilishwa, kwa simu tu, ni kitu ya dakika. Lakini mwisho ni Tuesday. Tuesday ikipita, hata uende early voting na ulie hapo mlangoni, hawakubadilishii."

Saa hiyohiyo akaingia Vumilia, mdogo wake Honorata, aliyekuwa amevuka daraja kutoka Springfield, ng'ambo ya mto, na mandazi ya kutosha harusi. Alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hizo ni stori za kutisha watu. Yeye tangu ale kiapo hajawahi kuwa na chama wala kukosa uchaguzi wa chama: unaingia, wanakuuliza unataka karatasi ya chama kipi, unachagua moja, unapiga, unaondoka na stika yako kifuani. Tena alishawaelekeza watu hivyo kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, wiki iliyopita, na wakamshukuru kwa vidole gumba.

"Hiyo ni Virginia, Auntie," Jerotich alisema kwa upole.

"Na hapa si Amerika?"

"Hapa ni Maryland. Virginia hamwandikishi chama kabisa. Hapa tunaandikisha. Na DC nao wana mambo yao."

Vumilia akamtazama shemeji yake, shemeji akamtazama Vumilia. Mmoja alikuwa amewafungia watu mlango, mwingine amewahakikishia kwamba uko wazi. Vumilia akachukua sambusa, akairudisha.

*

Honorata alirudi jioni, viatu mkononi. Alikuwa ameshinda akibisha hodi mtaa wa pili, na furaha ya siku ilikuwa bado imemjaa: mzee mmoja amemwahidi kura, mama mmoja amemkumbatia, mbwa mmoja amemkimbiza. Eliudi alimwacha amalize yote. Kisha akamwambia, amesimama, kama mtoto aliyevunja kitu.

Mkewe akaweka viatu chini polepole. Alimkumbusha kwamba siku aliyokwenda kuchukua fomu ya kugombea alibadilisha uandikishaji wake, akaandika chama, mbele ya macho ya mumewe, hapohapo mezani. Eliudi akakiri aliona. Alidhani ni mambo ya mgombea.

"Na mimi nikadhani umebadilisha na wewe," Honorata alisema. "Sikuuliza. Nani anamuuliza mume wake kitu kama hicho? Umezunguka na vibao vyangu kwenye nyasi za watu tangu baridi, Baba Edna, kumbe kura yenyewe huna."

Hilo lilimuuma Eliudi kuliko kelele. Alianza kusema juu ya Novemba, akanyamaza mwenyewe, maana asiyeshinda Juni Novemba hana chake. Akasema atawaambia watu wote kesho, kwenye mahafali ya Ethan, mtoto wa Dorothea, kule Bladensburg. Watabadilisha. Bado siku zipo.

"Na wewe?"

Wote wawili waliijua ibara ya saba ya katiba ya jumuiya, kwamba kiongozi atakayejiunga na chama chochote cha siasa atakuwa amejivua uongozi. Na wote wawili walijua uenyekiti ule kwake ulikuwa nini. Mchana kutwa anapanda mapaa ya wazungu kurekebisha mashine zao, wanamwita bila jina, mwingine anamwambia apitie mlango wa nyuma. Jioni simu zinalia, "Mwenyekiti, tuna msiba," "Mwenyekiti, mgeni wetu yuko airport," na mgongo unanyooka. Mwanaume alikuwa anaupenda uenyekiti wake, na hakuna ubaya wa kusema hivyo.

"Mimi sikuombi," Honorata alisema, akianza kupasha chakula. "Uelewe hivyo. Nikikuomba ukanipa, utanidai mpaka tuzeeke. Waambie watu ukweli, hiyo inatosha."

Wakala ugali. Eliudi alimeza matonge bila kujua mboga ni ipi.

*

Kesho yake bustani ya kando ya mto pale Bladensburg ilikuwa imejaa. Ethan alikuwa bado na joho lake la mahafali kwenye lile joto, watoto wakikimbizana, moshi wa nyama ukiwafuata watu kwenye viti. Honorata hakuwepo, alikuwa kwenye mdahalo wa wagombea, na angefika baadaye. Eliudi alishukuru. Kuna mambo mtu anayamudu vizuri zaidi mkewe asipokuwepo.

Alisubiri pilau liive, kwa kuwa alijua watu wenye njaa hawaondoki. Kisha akapanda juu ya benchi, akaomba kimya, akawaeleza. Hakupamba. Alisema uchaguzi wa Juni hawataweza kumpigia Honorata jinsi walivyo sasa, na hapo walipo amewafikisha yeye, mmoja mmoja, kwenye kiti cha gari lake. Alisema alijiona anajua, na hakuwa anajua. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola.

Lusekelo akauliza, kwa ile sauti yake ya kukera, kama ina maana amekata majani akikizunguka kile kibao mwezi mzima bure. Watu wakacheka, na kicheko hakikuwa kizuri. Mama mmoja akasema mwenyekiti ndiye aliyemwambia sehemu ile ukiweka chama unaweza kupata matatizo. Eliudi hakukumbuka kusema hivyo, lakini hakukana. Siku zile alisema mengi. Kijana mmoja akanong'ona kwa kusikika kwamba sasa tunaambiwa tuingie chama cha mke wa mwenyekiti.

"Siwaambii muingie," Eliudi alisema. "Kosa langu lilikuwa ni hilohilo, kuwaambia. Anayetaka kubaki bila chama abaki, ni haki yake, Novemba atapiga kura kama wengine. Lakini achague mwenyewe, akijua. Mwisho ni Jumanne, na yule pale, Jerotich, atamwelekeza anayetaka."

Ndipo Kalisti akasimama. Kalisti alikuwa mtu wa kanuni, wa kuchomeka fulana hata kwenye pikiniki, na kwa miaka alikuwa akiutazama uenyekiti ule kama mtu anavyotazama kiti cha dirishani kilichokaliwa na mwenzake.

"Mwenyekiti, kwa heshima. Ibara ya saba."

"Naijua."

"Kiongozi atakayejiunga na chama chochote cha siasa..."

"Naijua, Kalisti. Niliiandika mimi."

Eliudi alishuka, akakaa kwenye lile benchi, akatoa simu na miwani. Mara ya kwanza alikosea namba ya leseni yake mwenyewe. Watu walisogea bila kuitwa. Ikafika ile sehemu ya chama. Mara ngapi aliweka kidole hapo kwa niaba ya wengine, kwa uhakika, hata bila kusoma? Safari hii alisoma neno kwa neno, kwa woga, na katikati ya woga ule kulikuwa na kitu kingine kinachopanda, utamu wa kijana anayechukua uamuzi usiorudi nyuma. Akabonyeza.

"Haya," alisema. "Nimeshajivua."

Pale mambo yakachemka. Dorothea alikuwa wa kwanza kuvuta simu, mikono ina mafuta ya pilau, akimwita Ethan amshikie. Lusekelo akataka kujua kama akibadilisha sasa kibao chake kinahesabika. Watu wakapanga foleni kwa Jerotich na sahani zao, watoto wakawasomea wazazi maandishi madogo, "No, Mom, scroll down," mtu akakimbilia leseni kwenye gari, mwingine mtandao ukamgomea akawa anainua simu juu akizunguka nyasi. Wako waliokataa, na hawakuzomewa. Lakini wengi walikuwa wakibonyeza na kupiga makofi, kila mmoja akishangiliwa kama amefunga bao.

Kalisti alibaki amesimama. Kwa mujibu wa katiba, mwenyekiti akijivua, katibu anakaimu. Kiti kilikuwa chake, bila kura wala kampeni, na kila mtu alijua. Alitembea mpaka kwa Jerotich, akainama.

"Nikibadilisha leo," aliuliza, "Juni nampigia Honorata?"

"Unampigia."

"Yule dada ndiye aliyekuwa anamwogesha mama yangu," Kalisti alisema, si kwa Jerotich hasa. "Anatoka zamu, anapitia kwangu, anamwogesha. Mpaka mwisho." Akachomoa simu kwenye mkoba wake wa kiunoni, akabonyeza, akafunga zipu.

Ilichukua muda watu kugundua. Ni Lusekelo aliyepiga hesabu kwa sauti: mwenyekiti amejivua, katibu amejivua, mweka hazina ndiye yule anafuta mikono kwa khanga. Jumuiya haikuwa na kiongozi hata mmoja. Wakatazamana, wakaanza kucheka, safari hii kicheko kizuri, cha watu waliojitia wenyewe shimoni na kukuta ndani kuna nafasi.

"Basi hapa asiye na chama, na anayekubali shida zetu, ni nani?" Eliudi aliuliza.

Upande wa sufuria mwiko ukainuka. "Mimi," Vumilia alisema. "Na hata nikitaka siwezi kuwa nacho. Kwetu Virginia hawaandikishi."

"Na primary unapiga?" Kalisti akauliza, kanuni hazijamtoka.

"Kila mwaka. Wiki iliyopita niliwaeleza, mkanitumia vidole gumba."

Hakukuwa na hoja ya kumpinga. Kwa miaka Vumilia alikuwa akilalamika kwamba vikao vyote vinafanyika Maryland na waliovuka mto wanakumbukwa siku ya michango tu, na sasa alikuwa ndiye mtu pekee pale aliyeweza kuchagua na kuongoza bila kuvunja ibara. Akapitishwa kwa makofi. Agizo lake la kwanza lilikuwa kwamba watu wale pilau kabla halijapoa, na la pili kwamba kikao kijacho ni Springfield.

Honorata alipofika, joho la Ethan limeshavuliwa na habari imeshamfikia kwa simu ya kila mtu. Alimtafuta mumewe kwa macho. Alimkuta chini ya turubai, peke yake, anakunja viti, kazi ambayo mwenyekiti hakuwahi kuifanya. Alimletea sahani, akaiweka mbele yake, nyama nyingi kuliko wali. Akarudi kwa wageni, na Eliudi hakujua aielewe vipi sahani ile.

*

Siku zilizofuata simu ya Eliudi ilikuwa kimya kama imekatiwa laini. Misiba na wageni wa airport walikuwa wakienda Springfield. Jumanne ilipita. Jioni moja alikuwa kwenye kochi, soksi mguuni, anaangalia mpira bila kuuona, kengele ya mlango ikalia.

Alifungua. Kizingitini alisimama Honorata, beji ya mgombea kifuani, vipeperushi mkono mmoja, simu mkono wa pili. Gari lake lilikuwa pale nyuma, na funguo za nyumba zilikuwa zinaning'inia mkobani.

"Umesahau nini?" Eliudi aliuliza.

"Habari za jioni," alisema Honorata, kwa ile sauti yake ya kazini. "Namtafuta Bwana Eliudi. Nimeambiwa nyumba hii ina wapiga kura wawili."

Akageuza simu amwonyeshe. Kidoti cha nyumba yao kilikuwa kimefunguliwa, na chini ya jina lake kulikuwa na jina la pili. Eliudi aliangalia kwa muda mrefu. Akajikuna shingo, akasimama wima kama anavyosimama mwenye nyumba.

"Ndiye mimi," alisema. "Unasemaje kuhusu takataka? Wiki mbili hawajapita huku."

Honorata akamweleza kuhusu takataka, mpango wake wote, tangu mwanzo. Eliudi akauliza kuhusu barabara, akaelezwa. Akauliza kuhusu wazee, na hapo Honorata akasahau kuigiza, akaongea kama anavyoongea akitoka zamu, mpaka taa ya kibarazani ikajiwasha yenyewe juu yao.

"Nilikwambia sikuombi," alisema. "Leo naomba. Naomba kura yako, Eliudi."

Watu wa nchi mbili walimjua mtu huyu kwa kutosema anampigia nani. Eliudi akachukua kipeperushi mkononi mwa mkewe, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni mwa shati.

"Umepata," alisema. "Sasa nipe na kibao. Nyumba yote hii haina hata kimoja."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wamepanda kwa watu wote, wakasahau kwao. Wakaenda gerejini wakachagua kilichonyooka, na Eliudi akakipigilia mbele ya nyumba, na soksi zake, huku mkewe amemshikia tochi.